Binti Yako Anaweza Kutafuta Chanjo



Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya kazi ambayo wazazi wengi hatuitaji tunapofikiria maisha ya baadaye ya watoto wetu. Binti akionekana anapenda somo la Baiolojia, mara moja tunamwambia, "Wewe utakuwa muuguzi," au, "Utakuwa daktari wetu pale Nyakahanga." Hizo ni kazi njema, na hospitali zetu bado zinawahitaji sana watu hao. Lakini siku hizi nyuma ya muuguzi na daktari yupo mtu mwingine. Mtu huyu pengine hamwoni mgonjwa hata siku moja. Yeye huketi mbele ya kompyuta akasoma maandishi yaliyomo ndani kabisa ya vimelea, ya virusi na ya kinga ya mwili wa binadamu, ili ijulikane dawa ipi bado ina nguvu na chanjo ijayo itengenezwe namna gani. Elimu hiyo huitwa baioinfomatiki, yaani elimu ya viumbe inayofanywa kwa hesabu na kompyuta.

Huenda mama mwenzetu mmoja akasema, "Hayo ni mambo ya Ulaya. Sisi huku tuna migomba na kahawa." Tunamwomba asifunge ukurasa. Jambo hili limekwisha kufika mlangoni kwetu, Karagwe na Kyerwa, nalo limefika kwa njia ya damu ya watoto wetu wenyewe.

Tone la damu kutoka Karagwe

Hakuna mama wa huku asiyeijua malaria. Mtoto ameshinda akicheza vizuri, jioni anakataa chakula, usiku anachemka. Asubuhi tunambeba mgongoni hadi zahanati, anatobolewa kidole, kipimo cha haraka kinaonyesha mistari miwili, nasi tunapewa dawa mseto ya kumeza kwa siku tatu. Kwa miaka mingi dawa hiyo imetuokolea watoto.

Mwaka 2021 wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo wengi tunaifahamu kwa jina la NIMR, walikusanya damu ya wagonjwa wa malaria katika mikoa 13 ya Tanzania Bara, Kagera ikiwemo. Kazi hiyo iliongozwa na Dk. Deus Ishengoma wa NIMR, wakishirikiana na vyuo vikuu vya Marekani, kikiwemo Chuo Kikuu cha Brown. Damu yenyewe ilikuwa matone machache tu, yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu.

Ndani ya matone hayo walisoma vinasaba vya vimelea vya malaria. Vinasaba ni maagizo ambayo kila kiumbe hubeba ndani yake, nayo yameandikwa kwa herufi nne tu zinazopangwa na kurudiwa mamilioni ya mara. Maagizo hayo humwambia kimelea atengeneze protini zake, na kila protini ni kama uzi wa shanga zilizotungwa kwa mpangilio maalumu. Shanga moja ikibadilika, kazi ya uzi mzima inaweza kubadilika. Wataalamu walitazama hasa protini moja iitwayo kelch 13, na ndani yake wakatazama shanga ya 561. Shanga hiyo ikibadilika kwa namna fulani, kimelea hupata uwezo wa kustahimili kwa muda artemisinini, ambayo ndiyo sehemu ya dawa mseto inayopiga kwanza na kwa haraka. Wenzetu wa Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, walikuwa wametangaza badiliko hilo hilo mwaka 2020.

Majibu yalichapishwa mwaka 2024. Katika mkoa wetu wa Kagera, badiliko hilo lilikutwa kwa wagonjwa karibu 8 katika kila 100 waliopimwa. Katika wilaya ya Karagwe peke yake lilikutwa kwa karibu 23 katika kila 100.

Akina mama, msishtuke mkaacha dawa. Mwaka 2022 watafiti walifuatilia watoto 176 wenye malaria katika zahanati ya Bukangara, wilayani Karagwe. Nusu walipewa dawa mseto tunayoizoea, na nusu wakapewa mseto mwingine. Siku ya tatu, zaidi ya mtoto mmoja katika kila 10 alikuwa bado ana vimelea kwenye damu, na hiyo ndiyo dalili kwamba sehemu ile ya kwanza ya dawa imeanza kulegea. Hata hivyo walipofuatiliwa hadi mwisho, dawa ya kwanza iliwaponya 98 katika kila 100, na ya pili iliwaponya wote. Dawa bado inaponya kwa sababu ndani ya kidonge zipo dawa mbili, na moja inapochelewa nyingine humalizia kazi. Kwa hiyo mpe mtoto dozi nzima, hata kama homa imeshuka siku ya pili. Akiwa bado ana homa baada ya siku tatu, mrudishe zahanati na uwaambie wazi kwamba dozi ameimaliza.

Kazi haikuishia Karagwe. Mwaka 2023 watafiti wa NIMR walipima wakazi wa vijiji vya wilaya ya Kyerwa, wagonjwa na wasio wagonjwa, nao wakakuta kwamba watoto wa umri wa kwenda shule ndio waliobeba vimelea kwa wingi zaidi. Wengi wetu huwalaza wadogo kwenye chandarua tukaona wakubwa wamekwisha kuwa na nguvu. Basi habari hiyo nayo ni yetu.

Sasa tuulizane: badiliko la shanga ya 561 lingejulikanaje? Mganga haoni, muuguzi haoni, hata darubini ya hospitali haioni. Lilionekana kwa sababu wapo watu waliosoma maandishi hayo kwa mashine, wakayalinganisha kwa kompyuta, wakahesabu, wakahakiki, na wakawapelekea taarifa wakubwa wa Wizara ya Afya. Hiyo ndiyo kazi tunayoizungumzia.

Chanjo huanza kwa kusoma

Tuje sasa kwenye chanjo. Mwili wa binadamu una askari wake. Miongoni mwao zipo seli zinazotengeneza kingamwili, yaani protini ndogo zinazomkamata adui na kumzuia asiingie ndani ya viungo. Kila seli ya namna hii hutengeneza aina yake ya kingamwili, na aina hizo ni nyingi mno. Nyingine humgusa adui bila kumdhuru, na chache sana humshika mahali panapomlemaza kabisa.

Mtafiti anafanya kama sisi tunavyokaa na ungo kuchambua maharage ya mbegu. Anachukua damu ya mtu aliyepona ugonjwa au aliyepata chanjo, anatafuta zile seli chache zenye kingamwili bora, kisha anasoma herufi za vinasaba vyake. Akishazisoma, anaweza kutengeneza kingamwili ile ile kwa wingi maabara na kuitumia kama dawa. Tena anaweza kuona imemshika adui sehemu gani, na sehemu hiyo ndiyo inayomwonyesha namna ya kutengeneza chanjo. Kwa kuwa herufi hizo ni nyingi kupita uwezo wa jicho na kalamu, kompyuta ndiyo inayochambua, na mtu aliyesoma ndiye anayeiambia ichambue nini.

Tutoe mifano miwili ya karibu.

Mfano wa kwanza ni ugonjwa wa Marburg, ambao sisi wa Kagera tunaujua kwa machozi. Mwaka 2023 uliingia Bukoba Vijijini, na mwaka 2025 ukaingia Biharamulo. Mwaka 2024 ulikuwa umewapata majirani zetu wa Rwanda, ambako waliugua watu 66 na wakafariki 15, wengi wa walioambukizwa wakiwa wahudumu wa afya. Sasa sikilizeni. Miaka mingi kabla, mwishoni mwa mwaka 2007, mama mmoja Mmarekani alitembelea pango la popo katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda. Aliporudi kwao akaugua Marburg, lakini akapona. Wanasayansi walichukua damu yake, wakazichagua seli zake, wakazisoma kingamwili zake, na mwaka 2015 wakatoa taarifa. Kutokana na kingamwili mojawapo ilitengenezwa dawa ya sindano, na dawa hiyo ilikuwa miongoni mwa tiba zilizopelekwa Rwanda mwaka 2024. Ugonjwa uliotoka kwenye pango la Uganda ulisomwa mbali sana, na matunda yake yakarudi kwa majirani zetu.

Mfano wa pili ni wa hapa hapa nchini. Huko Bagamoyo, Taasisi ya Afya ya Ifakara imekuwa ikijaribu chanjo za malaria kwa miaka mingi. Vijana wa Kitanzania walijitolea wakachanjwa kwa chanjo ya majaribio iliyotengenezwa kwa vimelea vilivyopunguzwa nguvu. Watafiti wakachukua damu ya baadhi yao, wakachagua seli, wakasoma kingamwili zake, na mwaka 2018 wakatangaza walichokiona. Kimelea anachotutemea mbu kimevikwa protini inayofanana na shanga za rangi chache, mpangilio ule ule ukijirudia tena na tena. Kingamwili zilizokuwa na nguvu zaidi zilishika mahali pawili: zile shanga zinazojirudia, na pia kipande kidogo cha mwanzo kabla marudio hayajaanza. Kipande hicho hakimo katika chanjo ya malaria ya kwanza, iitwayo RTS,S. Basi tangu hapo wabunifu wa chanjo wamekuwa na sehemu mpya ya kulenga. Fikirini, akina mama: ufunguo huo ulipatikana katika damu ya vijana wetu wa Tanzania.

Mwaka huo huo wa 2018 kundi jingine lilitangaza kingamwili inayofanana na hizo, iliyotokana na mtu aliyechanjwa Marekani kwa chanjo ya aina hiyo hiyo. Ilijaribiwa kwa watu wazima nchini Mali kama sindano ya kinga, na majibu yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba kipimo kikubwa cha dawa hiyo kilizuia maambukizi kwa kiasi cha asilimia 88 katika miezi sita. Baadaye dawa nyingine ya ukoo huo ilijaribiwa kwa watoto.

Chanjo za malaria zenyewe zimekwisha kuanza kutumika. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023. Zote mbili zilijaribiwa kwa watoto wa Tanzania: ya kwanza Bagamoyo na Korogwe, ya pili Bagamoyo. Kenya ilianza kuwachanja watoto wa maeneo ya ziwa mwaka 2019, na Uganda ikaanza mwaka 2025. Chanjo hizi hupunguza malaria sana lakini haziimalizi, ndiyo maana utafutaji unaendelea. Mama anayetaka kujua habari za chanjo hizi kwa mtoto wake, amuulize muuguzi wa kliniki.

Wanawake waliotangulia

Tukisema kazi hii ni ya wanaume tutakuwa tumekosea. Dk. Mwele Malecela alisoma elimu ya wanyama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaingia NIMR akiwa mtafiti kijana, akashughulikia matende na mabusha, na hatimaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa Mkurugenzi Mkuu wa taasisi hiyo. Baadaye alikwenda kuongoza idara ya magonjwa yaliyosahaulika katika Shirika la Afya Duniani, hadi alipofariki mwaka 2022.

Kenya wanaye Profesa Faith Osier. Alianza kama daktari wa watoto huko Pwani, akiwatibu watoto wa malaria wodini. Aliona kwamba watu wazima wa sehemu zile huugua malaria mara chache kuliko watoto, naye akataka kujua miili yao imejifunza nini. Yeye na wenzake wa Kilifi wakatengeneza kigae kidogo chenye protini zaidi ya 100 za kimelea, ili tone moja la damu lionyeshe kingamwili za mtu zinazishika zipi. Mwaka 2019 alianza kuongoza umoja wa vyama vya wataalamu wa kinga duniani, akiwa Mwafrika wa kwanza.

Na kwa wale wanaouliza, "Je, watoto wake atawalea nani?", yupo Profesa Sarah Gilbert wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Mwaka 1998 alijifungua watoto watatu kwa mara moja. Mshahara haukutosha kulipia malezi ya watoto watatu, hivyo mwenzake aliacha kazi akakaa nyumbani kulea, naye akaendelea na maabara. Mwezi Januari 2020, herufi za kirusi cha UVIKO zilipotangazwa kutoka China, yeye na wenzake walizisoma na kuanza kubuni chanjo siku chache tu baadaye, bila hata kuwa na kirusi chenyewe mkononi. Hatusemi kila baba afanye hivyo. Tunasema tu kwamba ndani ya nyumba hiyo watu wawili waliketi, wakapatana.

Njia ya shule

Sasa tuje kwa binti yako aliyeko kidato cha pili pale Kayanga, Nkwenda au Murongo. Njia yake ikoje?

Kwanza, asiiache Hisabati. Wasichana wengi hupenda Baiolojia kwa sababu inasomeka kama hadithi, wakaikimbia Hisabati kwa sababu inawaaibisha mbele ya wenzao. Kazi hii inataka vyote viwili. Akifaulu kidato cha nne anaweza kuchagua mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, au wa Fizikia, Kemia na Hisabati, au ule wa Fizikia, Hisabati na Kompyuta. Milango yote mitatu hufika huko.

Pili, chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha shahada ya baiolojia ya molekuli na baioteknolojia. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kinafundisha baioteknolojia na sayansi ya maabara. Muhimbili inafundisha udaktari na fani za maabara. Aliyesoma takwimu au sayansi ya kompyuta naye anaweza kuhamia kwenye kazi hii baadaye, kwa sababu watafiti wa magonjwa wanamhitaji sana mtu wa hesabu.

Tatu, shahada ya pili, ambayo kwa kawaida ni miaka miwili. Baioinfomatiki yenyewe inafundishwa Makerere, Kampala, ambako kwa basi kutoka kwetu ni karibu kuliko Dar es Salaam. Inafundishwa pia Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Hapa nchini, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha inafundisha sayansi za viumbe kwa ngazi za juu, na taasisi ya utafiti ya hospitali ya KCMC, Moshi, inao wataalamu wa kusoma vinasaba. Atakayetaka kuongoza utafiti wake mwenyewe atasoma shahada ya tatu, nayo huchukua miaka mitatu hadi mitano.

Ada isiwakatishe tamaa mapema. Shule za sekondari za serikali zimefutiwa ada, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na cha tano na cha sita tangu 2022. Chuoni ipo Bodi ya Mikopo. Upo pia ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022, kwa wanaofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Shahada za juu mara nyingi hulipiwa na miradi ya utafiti yenyewe. Mzigo wa mzazi unabaki kuwa sare, madaftari, godoro, nauli na chakula, na sisi tunajua kwamba hayo peke yake yanaweza kumaliza msimu mzima wa kahawa.

Si lazima kila mmoja afike kwenye shahada ya tatu. Katika utafiti mmoja wa malaria wapo wauguzi wanaotoboa vidole, wataalamu wa maabara, watunza kumbukumbu, watu wa takwimu na watu wa kompyuta. Mtaalamu wa maabara mwenye stashahada anaweza kuanza hapo, akajiendeleza.

Tusifichane ugumu

Tusingekuwa tumewatendea haki kama tungesema matamu tu. Kazi hii ni ya mkataba. Mradi una miaka yake, na fedha zikiisha mtafiti hutafuta nyingine. Fedha nyingi hutoka nje ya nchi. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilifunga shirika lake la misaada la USAID, na miradi mingi ya afya katika Afrika Mashariki ikasimama, vijana wasomi wakarudi nyumbani. Nafasi nyingi ziko Dar es Salaam, Bagamoyo, Moshi na Mwanza, wala si Rubwera. Tena miaka ya kusoma shahada za juu ni ile ile ambayo ndugu na majirani huanza kumuuliza binti, "Unaolewa lini?" Akiolewa, huanza kuulizwa, "Mtoto yuko wapi?"

Hapo ndipo wasichana wengi wanapoachia njiani, wakiwa na akili zao timamu. Binti mwenye mama anayemwelewa atavuka. Bibi akikubali kukaa na mjukuu mwaka mmoja mama yake akamalize masomo, huo ni mchango katika utafiti sawa na wa mwenye maabara.

Na yapo mambo ya nyumbani, ambayo hayahitaji fedha. Tazama ratiba ya binti yako jioni. Kaka yake akirudi shule anaoga, anakula, anafungua daftari. Yeye anakwenda kuchota maji, anamenya ndizi, anawaogesha wadogo, na akifungua daftari usingizi umekwisha kumshika. Kisha matokeo yakitoka tunasema wasichana hawawezi hesabu. Tugawe kazi hizo. Mvulana naye ana mikono ya kumenya ndizi. Tuzungumze na baba wa watoto kwa upole na kwa wakati mzuri, tena tumweleze kwa habari za huku kwetu, kwamba malaria ya Karagwe imebadilika na wanahitajika watu wa kuisoma. Tuhakikishe pia binti hakosi shule siku zake za hedhi kwa kukosa kitambaa safi au pedi, kwa maana siku nne kila mwezi ni siku nyingi za Hisabati.

Watafiti wakija kijijini

Neno la mwisho ni juu yetu sisi wenyewe. Watafiti wataendelea kuja Karagwe na Kyerwa, kwa maana ugonjwa uko huku. Wakikuomba damu ya mtoto, una haki ya kusomewa fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa. Uliza: damu hii itapelekwa wapi? Mtasoma nini ndani yake? Majibu yatarudi lini, na tutaambiwa na nani? Una haki ya kukubali, una haki ya kukataa, na ukikataa mtoto wako hapaswi kunyimwa matibabu. Mtafiti mwema hafurahii mama anyamaze.

Ukiwa na binti anayesoma, mchukue siku hiyo uende naye. Aone karatasi ile inavyopokea tone la damu, naye aulize maswali yake: mashine inayosoma iko wapi, nani anaiendesha, yeye alisoma shule gani. Kwa kawaida watafiti hao ni vijana wa Kitanzania, na baadhi yao ni wanawake. Binti akimwona dada wa makamo ya shangazi yake, mwenye kitambulisho shingoni na kompyuta mkobani, akimjibu kwa Kiswahili, atakumbuka.

Tungependa kusikia kutoka kwenu. Je, katika kijiji chenu yupo msichana anayesoma sayansi kidato cha tano au chuo? Ni nini kilichomsaidia, na ni nini karibu kimrudishe nyumbani? Tuandikieni, nasi tutayachapisha mawazo yenu ili akina mama wengine wajifunze.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya chakula cha mtoto anayeanza kula. Hadi hapo, tunawatakia amani katika nyumba zenu, na msisahau chandarua, cha wadogo na cha wakubwa.